Kozi ya kwanza ya astronomia ukiwa Arusha au Moshi: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Wanaoanguka kozi ya kwanza ya astronomia hawaangushwi na mashimo meusi wala asili ya ulimwengu. Sura hizo husomeka kama hadithi tamu, na karibu kila mtu huzielewa. Wanaangushwa na mambo matatu ya kawaida kabisa: zoezi la kivuli cha Jua, shajara ya Mwezi, na hesabu zenye vipeo vya kumi.

Kwa mwanafunzi wa Arusha au Moshi lipo la nne, nalo ndilo chimbuko la makosa mengi. Vitabu vya kozi hizi, viwe vya chuo au vya mtandaoni, kwa kawaida huandikwa kwa msomaji aliye karibu na latitudo ya 40 kaskazini. Wewe uko latitudo ya 3 kusini. Kila mahali kitabu kinaposema kulia, kushoto, kaskazini, kusini au "juu ya upeo", lazima ukigeuze kwanza kiendane na anga la kwenu. Anayekifuata neno kwa neno hupata majibu ya anga la watu wengine, na mwalimu anayasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kozi ya wiki 14 au 15. Soma wote kabla ya wiki ya kwanza, kwa sababu kazi za nje haziwezi kufidiwa mwishoni.

Vifaa vya kuandaa

- Fimbo iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 100 juu ya sakafu. Mti wa fagio au bomba jembamba vinafaa.
- Timazi: uzi na nati nzito. Hii ndiyo inayothibitisha kwamba fimbo imesimama wima.
- Pima maji ya fundi, ya kukagua sakafu.
- Tepu ya kupimia, chaki, na kamba ya mita 1.
- Kipande cha karatasi ngumu chenye tundu la milimita 4 au 5.
- Kaunta buku moja kwa kazi za nje tu. Usichanganye na nukuu za darasani.
- Kikokotoo cha sayansi.
- Tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu. Macho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu unayarudisha nyuma mara moja.
- Sweta na dawa ya mbu.

Darubini haihitajiki kwa kozi ya kwanza. Ukipata ya macho mawili, shukuru, lakini usikope pesa kununua. Pia usinunue duara la nyota la kuzungusha kabla ya kusoma latitudo iliyochapwa juu yake. La latitudo ya 40 au 50 kaskazini halionyeshi anga lako.

Hatua ya 1: Andika mahali ulipo kwenye ukurasa wa kwanza

Andika haya kwa wino, maana utayarejea mara nyingi:

Arusha: latitudo nyuzi 3.37 kusini, longitudo nyuzi 36.68 mashariki, kimo karibu mita 1,400.
Moshi: latitudo nyuzi 3.35 kusini, longitudo nyuzi 37.34 mashariki, kimo kati ya mita 800 na 900.

Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, iliyo mbali upande wa bahari. Dunia huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4. Kwa hiyo Jua hufika kileleni Arusha dakika 33 baada ya saa 6 kamili mchana kwa wastani, na Moshi dakika 31 baada yake. Asiyejua hili hupima kivuli saa 6 kamili na kupata mwelekeo wa kaskazini uliopinda.

Tatizo la pili ni saa yenyewe. Wewe unasema saa 2 usiku, programu inasema 20:00, na kitabu kinatumia saa ya dunia, ambayo ni saa ya Tanzania ukiondoa 3, yaani 17:00. Kwenye shajara andika saa zote kwa mtindo wa 24, na pembeni saa ya dunia. Kabla ya alfajiri ya saa 9, tarehe ya dunia bado ni ya jana. Kosa hili likiingia kwenye jedwali, Mwezi wako utaonekana umesogea kwa namna isiyowezekana.

Hatua ya 2: Weka programu ya anga, uikague

Stellarium ni ya bure, na toleo la kompyuta hufanya kazi bila intaneti likishawekwa. Lishushe chuoni kwenye mtandao wa wazi ili usimalize bando. Kisha weka mahali kwa mkono: latitudo −3.37, longitudo 36.68, kimo 1,400. Alama ya kutoa inamaanisha kusini. Ukiisahau, umehamia upande wa pili wa ikweta.

Namna ya kuikagua: peleka saa mbele mpaka Jua livuke mstari wa kaskazini na kusini. Mwaka mzima saa hiyo inapaswa kuangukia kati ya 12:17, mwanzoni mwa Novemba, na 12:47, katikati ya Februari. Ikionyesha kitu kingine, mahali au ukanda wa saa haujakaa sawa.

Programu ni ya kupanga na kuhakiki, basi. Haichukui nafasi ya kutazama.

Hatua ya 3: Zoezi la kivuli, kutafuta latitudo na longitudo yako

Hili ndilo zoezi linaloangusha wengi kuliko yote, kwa hiyo tunalikalia.

Chagua siku. Januari na mwanzo wa Februari ndio wakati mzuri kuliko mwingine: anga huwa jeupe na kivuli kina urefu wa kutosha. Juni na Julai kivuli ni kirefu zaidi, lakini mawingu ya kipindi cha baridi yanaweza kufunika mji mpaka mchana. Epuka siku 10 kabla na baada ya tarehe 11 hivi ya Machi na tarehe 2 hivi ya Oktoba. Siku hizo Jua linapita utosini kabisa Arusha na Moshi, na kivuli cha adhuhuri kinatoweka. Ni jambo la kupendeza kulishuhudia, ila halifai kupimia.

Simamisha fimbo kwenye sakafu ya saruji iliyokaguliwa kwa pima maji. Ining'inizie timazi pande mbili zinazopishana kama pembe mraba. Fimbo ya mita 1 ikiinama kwa sentimita 1 tu juu, latitudo yako inakosea kwa karibu nyuzi 0.6, sawa na kilomita zaidi ya 60. Hapa ndipo kazi inapoharibikia, wala si kwenye hesabu.

Bandika karatasi yenye tundu kwenye ncha, tundu likiwa sawasawa juu ya fimbo. Sababu yake ni hii: Jua si nukta, lina upana wa karibu nyuzi 0.5, kwa hiyo ukingo wa kivuli cha fimbo ya mita 1 una ukungu wa karibu sentimita 1. Tundu hukupa doa la mwanga lenye katikati inayoonekana. Pima urefu wa fimbo mpaka kwenye tundu, si mpaka mwisho wa mti.

Saa 11:00 weka alama ya chaki katikati ya doa, andika saa, na kwa kamba chora duara linalopita kwenye alama hiyo, kitovu kikiwa shina la fimbo. Rudia saa 11:20 na 11:40. Sasa una maduara matatu. Usiishie kwenye moja, kwa sababu mawingu ya mchana huja bila taarifa na yatakuibia jozi moja au mbili.

Kuanzia 12:10 mpaka 13:00 weka alama kila dakika 5. Doa litasogea kama sentimita 2 kila mara, kuelekea mashariki.

Alasiri subiri doa ligonge tena kila duara kutoka ndani. Andika saa hizo. Mfano: duara lililoguswa 11:00 asubuhi likaguswa tena 14:10, katikati yake ni 12:35. Hiyo ndiyo adhuhuri ya kweli ya mahali ulipo. Jozi tatu zikupe majibu yanayotofautiana kwa dakika 1 au 2. Zikitofautiana kwa 5, sakafu ina mteremko au fimbo imesogea.

Unganisha alama mbili za duara moja: mstari huo ni mashariki na magharibi. Mstari unaotoka shina la fimbo na kuukata kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini halisi. Uamini huu kuliko dira ya simu, ambayo hupotoshwa na nondo zilizo kwenye zege na miamba ya volkano iliyojaa ukanda huu.

Hesabu ya latitudo. Gawa urefu mfupi kuliko wote wa kivuli kwa urefu wa fimbo, kisha tafuta pembe kwa kitufe cha kinyume cha tanjenti. Pembe hiyo ni umbali wa Jua kutoka utosini. Sasa unahitaji mwinamo wa Jua siku hiyo, yaani liko nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya ikweta. Programu inautoa. Ni +23.4 tarehe 21 Juni, −23.4 tarehe 21 Desemba, karibu −20 tarehe 21 Januari, na 0 karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba.

Kisha fuata kanuni hii:

Kivuli kikielekea kusini, Jua liko kaskazini yako: mwinamo TOA pembe.
Kivuli kikielekea kaskazini, Jua liko kusini yako: mwinamo JUMLISHA pembe.

Mfano wa tarehe 21 Juni, Arusha: fimbo sentimita 100, kivuli 50.5 kuelekea kusini. Pembe ni nyuzi 26.8. Basi 23.4 − 26.8 = −3.4, yaani nyuzi 3.4 kusini. Sahihi.

Kitabu kitakuambia ujumlishe daima, kwa sababu kwa mwandishi wake Jua la adhuhuri huwa upande wa kusini daima. Ukimtii unapata 23.4 + 26.8 = 50.2 kaskazini, na fimbo yako imehamia kaskazini mwa Ufaransa. Ukiona latitudo inayozidi 40 kwenye ripoti, tafuta kosa hapa kwanza.

Tarehe 21 Desemba kivuli hicho hicho kitakuwa karibu sentimita 36.5, na kitaelekea kaskazini.

Hesabu ya longitudo. Saa ya Jua hutangulia au huchelewa nyuma ya saa ya ukutani kadiri mwaka unavyokwenda: huchelewa kwa dakika 14 katikati ya Februari, hutangulia kwa karibu 4 katikati ya Mei, huchelewa kwa 6 na nusu mwishoni mwa Julai, na hutangulia kwa 16 mwanzoni mwa Novemba. Tarehe 21 Juni huchelewa kwa 2. Kwa hiyo 12:35 toa dakika 2 ni 12:33. Dakika 33 gawa kwa 4 ni 8.25. Nyuzi 45 toa 8.25 ni 36.75 mashariki.

Mafanikio yanaonekanaje: latitudo isiyokosea zaidi ya nyuzi 1 ni kazi nzuri, ndani ya 0.5 ni kazi bora. Longitudo ndani ya nyuzi 0.5 inatosha.

Mkiwa wawili, mmoja Arusha na mwingine Moshi, fanyeni siku moja. Adhuhuri ya Moshi itatangulia kwa dakika 2 na nusu hivi. Ila msijaribu kukokotoa mzingo wa Dunia kwa tofauti hiyo: kosa la nusu dakika tu ni moja ya tano ya kipimo chote.

Onyo: usilitazame Jua lenyewe wakati wowote wa zoezi, hata kwa miwani ya giza au filamu ya eksirei. Unatazama sakafu tu.

Hatua ya 4: Shajara ya Mwezi

Anza jioni ya mwezi mwandamo. Nyumba zenye Waislamu zinajua tarehe hiyo bila programu: hilali nyembamba magharibi, muda mfupi baada ya magharibi. Hapa Jua huzama kati ya 18:20 na 18:55 mwaka mzima.

Kila safari andika: tarehe, saa mbili (ya hapa na ya dunia), mwelekeo, kimo juu ya upeo, hali ya mawingu, na mchoro. Kimo pima kwa ngumi ukiwa umenyoosha mkono: ngumi ni karibu nyuzi 10, vidole vitatu vya kati ni 5, kidole kidogo ni 1. Hakiki mkono wako: mstari mrefu wa Msalaba wa Kusini una nyuzi 6.

Chora duara la sentimita 4 na mstari wa upeo chini yake. Halafu jaza giza kama unavyoona, si kama picha ya kitabu. Hapa ndipo watu wanapoteza alama bila sababu. Kwenye kitabu hilali husimama, upande wa kulia umewaka. Kwetu hulala kama mashua, tumbo chini. Wewe ndiye uliyeona sawa, maana karibu na ikweta Jua huzama karibu wima, na sehemu inayowaka daima hulielekea Jua.

Nusu mwezi ya kwanza huleta utata mkubwa zaidi. Jioni iko karibu na utosi. Ukiitazama umegeukia kusini, inawaka kulia. Ukigeuka kaskazini, inawaka kushoto. Acha kabisa kulia na kushoto. Andika "upande wa magharibi umewaka", na hakuna mwalimu atakayekupinga.

Kosa linaloua shajara nyingi ni kuacha baada ya mwezi mpevu. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50 kila siku kwa wastani, hivyo baada ya mpevu mtu anatoka saa 2 usiku, haoni kitu, anaandika "haupo". Upo, umehamia asubuhi. Badilisha ratiba: tazama saa 12 alfajiri, na hata saa 3 asubuhi, nusu mwezi ya mwisho ikiwa juu ya anga la buluu upande wa magharibi.

Shajara iliyokamilika ina maingizo yasiyopungua 12 ndani ya siku 29 na nusu, nusu yake yakiwa ya baada ya mpevu. Na ina mawingu. Shajara ya Aprili iliyojaa anga jeupe kila usiku, masika yakiwa yamepamba moto Moshi, imenakiliwa kutoka kwenye programu, na msahihishaji anayelijua eneo hilo hataiamini. Andika "mawingu, sikuona" pale ulipokosa. Huo nao ni uchunguzi.

Kama bado unaamini kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoukata Mwezi, zima taa zote, bakisha balbu moja, shika chungwa mkono ukiwa umenyooka juu kidogo ya kichwa, na zunguka taratibu. Utaona awamu zote bila kivuli chako kuligusa chungwa. Kivuli cha Dunia ni habari ya kupatwa tu.

Hatua ya 5: Nyota na zile dakika 4

Nyota huchomoza dakika 4 mapema kila siku, kwa usahihi zaidi dakika 3 na sekunde 56. Kulithibitisha hakuhitaji chochote ila ukuta.

Tafuta ukingo wa juu wa ukuta au paa, ulio mlalo, upande wa magharibi, ukiwa mbali nao mita 10 au zaidi; ukingo wima haufai, maana hapa nyota nazo huzama karibu wima. Funga ubao wenye tundu la msumari mahali pasiposogea, uchungulie hapo. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, kama zile tatu za mshipi wa Jabari (Orion) kuanzia Januari hadi Machi, kwa kuwa ndizo zinazokwenda kasi zaidi. Andika sekunde inapozimika nyuma ya ukuta. Rudia baada ya usiku 1, 3 na 7. Baada ya siku 7 inapaswa kuwa imewahi kwa dakika 27 na nusu.

Kwa umbali wa mita 10, jicho likisogea sentimita 4 umekosea dakika 1 nzima. Ndiyo maana tundu ni la lazima. Na hakikisha si sayari: Zuhura au Mshtarii (Jupita) haitakupa dakika 4.

Anga la kutambua nyota

Nyota ya Kaskazini ya vitabuni huioni hapa. Iko chini ya upeo, na hata mwanya wa upeo wenyewe umezibwa: kilele cha Meru, mita 4,566, kinapanda karibu nyuzi 12 ukikitazama kutoka Arusha mjini, na Kibo, mita 5,895, karibu nyuzi 9 kutoka Moshi. Kwa hiyo kila zoezi la "pima kimo cha Nyota ya Kaskazini" mwombe mwalimu ulibadilishe kwa kivuli cha Hatua ya 3.

Ulichopewa badala yake ni utajiri. Karibu nyota zote za anga, za kaskazini na za kusini, hupita juu yako ndani ya mwaka mmoja. Katikati ya Februari, saa 2 na nusu usiku, mshipi wa Jabari uko karibu na utosi. Mwanzoni mwa Juni, saa 2 usiku, Msalaba wa Kusini unasimama wima kusini. Refusha mstari wake mrefu mara nne na nusu kwenda chini: hapo ndipo ncha ya kusini ya anga, inayokaribia kugusa upeo.

Kwa giza la kweli, toka mjini. Kutoka Arusha elekea Kisongo na Monduli. Kutoka Moshi shuka kusini, tambarare za Kahe, ambako upeo wa kusini uko wazi. Nendeni kikundi, mwarifu mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na msikaribie mipaka ya hifadhi usiku. Nyati na tembo wanatembea saa hizo hizo.

Hatua ya 6: Hesabu

Kanuni za kozi ya kwanza hazizidi sita au saba. Wanaokosa hukosa kwenye kikokotoo.

Kwanza, hakikisha kiko kwenye nyuzi: tanjenti ya 45 lazima iwe 1. Kikikupa 1.62, kiko kwenye radiani, na kila pembe uliyopata leo ni batili.

Pili, kitufe cha EXP tayari kimebeba "mara 10". Kasi ya mwanga, 3 × 10⁸ mita kwa sekunde, huandikwa 3 EXP 8. Ukiandika 3 × 10 EXP 8 umeizidisha mara kumi. Kosa hili peke yake hufuta alama za maswali mazima.

Tatu, kila kanuni ina vipimo vyake, na inavunjika ukivibadilisha. Zoezeni hizi nne mpaka mikono izijue:

Muda na umbali wa sayari: muda kwa miaka, umbali kwa kipimo cha Dunia hadi Jua. P² = a³. Mshtarii: a ni 5.20, a³ ni 140.6, kipeuo cha pili chake ni 11.86. Miaka 11.86. Ukipata 3 na ushei, umegeuza vipeo.

Ukubwa wa pembe: 206,265 mara kipenyo, gawa kwa umbali. Mwezi: kipenyo kilomita 3,474, umbali 384,400. Jibu sekunde za pembe 1,864, yaani nyuzi 0.52.

Umbali wa nyota: 1 gawa kwa paralaksi (pembe ndogo ambayo nyota huonekana kusogea Dunia ikilizunguka Jua) katika sekunde za pembe hutoa umbali kwa parseki. Sirius: 1 ÷ 0.379 ni 2.64. Zidisha kwa 3.26 upate miakanuru 8.6.

Rangi na joto: milioni 2.898 gawa kwa joto la kelvini hutoa urefu wa wimbi kwa nanomita. Jua, kelvini 5,772: nanomita 502.

Kabla ya kuandika jibu, jiulize kama linawezekana. Nyota iliyo karibu kuliko Jua, au sayari ya mbali inayozunguka haraka kuliko Dunia, ni dalili ya kitufe kibaya.

Hatua ya 7: Swali la majira, ambalo kwetu ni mtego mara mbili

Mtihani utauliza nini husababisha joto na baridi za mwaka. Jibu lisilo sahihi, "Dunia kukaribia na kuwa mbali na Jua", linavutia kila mahali, lakini Arusha linavutia zaidi kwa sababu linaonekana kulingana na maisha. Dunia iko karibu na Jua mwanzoni mwa Januari, nasi tunaona joto. Iko mbali mwanzoni mwa Julai, nasi tunavaa masweta.

Ni sadfa. Umbali hubadilika kutoka karibu kilomita milioni 147 hadi 152, tofauti ndogo ya asilimia 3 hivi. Ingekuwa ndiyo sababu, Ulaya nayo ingepata joto Januari, wakati ndiko kwenye theluji. Sababu ni mwinamo wa mhimili wa Dunia, nyuzi 23.4, unaobadili kimo cha Jua na urefu wa mchana. Na daftari lako lina ushahidi: kimo cha Jua la adhuhuri hapa ni karibu nyuzi 63 mwezi Juni na 70 mwezi Desemba, tofauti ndogo, ndiyo maana majira yetu yanatawaliwa zaidi na upepo, mawingu na mvua kuliko kimo cha Jua. Andika jibu la mwinamo kwanza, kisha ongeza sentensi hiyo ya kwenu.

Hatua ya 8: Ripoti

Ripoti ya kila zoezi iwe na jedwali la namba ghafi, mchoro wenye mishale ya kaskazini, hesabu moja iliyoonyeshwa yote, jibu pamoja na makadirio ya kosa, na sababu ya kosa hilo. "Kosa la kibinadamu" si sababu. "Doa la mwanga lilikuwa na upana wa milimita 12, hivyo katikati yake inaweza kukosewa kwa milimita 3" ni sababu.

Piga picha kurasa za kaunta buku kila Ijumaa, ili kaunta buku ikipotea au mvua ikiingia begini nakala zibaki mahali pengine. Namba mbaya usiifute, ikate kwa mstari mmoja ili isomeke.

Masika au vuli yakikunyima Jua mpaka wiki ya 12, usisubiri. Peleka kwa mwalimu kumbukumbu za majaribio yaliyokwama, kila moja na saa yake na hali ya mawingu, pamoja na jozi yoyote ya duara uliyoipata, hata moja. Omba kumalizia kwa jozi hiyo: alama mbili za duara moja zinatosha kutoa adhuhuri, mstari wa kaskazini na longitudo. Na ukipima sasa urefu wa doa lolote lililoangukia karibu na mstari huo wa kaskazini, latitudo nayo inapatikana.